Mikanda ya shangazi kwa mzee wa deki, Kisutu

Nianze na jibu kabisa, maana najua tathmini nyingi mnazisoma kwa kushuka chini haraka kutafuta bei. Kama una mikanda ya video ya zamani imelala kabatini, ya harusi, ya kipaimara, ya marehemu babu akihutubia shambani, ipeleke kwa hawa watu wa Kisutu, Dar es Salaam, wanaohamishia mikanda kwenye kompyuta. Bei yao si ya kutupa, hawana haraka na mtu, na ngazi zao ni adhabu kwa mwenye magoti mabovu. Ila walichonikabidhi ndicho kilichokuwa ndani ya mikanda, chote, bila kukatwa na bila kuwekewa muziki. Hilo la muziki nitalifikia.

Jina la duka siliandiki kwa sababu mzee mwenyewe kaniomba. Deki zake zinazofanya kazi ni za kuhesabu, na anasema watu wakija kwa mkupuo zitamfia mikononi. Ukiwa na shida ya kweli nenda Kisutu, mitaa ile ya studio za picha za zamani, uulizie mzee wa deki. Muuza kahawa wa kona anamjua.

Mikanda si yangu, ni ya shangazi, dada yake mkubwa baba. Anatimiza miaka 75 na sisi watoto wa ndugu zake tukakubaliana tumtengenezee filamu fupi ya maisha yake. Wazo lilikuwa la binamu yangu aliyeko Mwanza, pesa tukachanga wote, kazi ya kuzunguka nayo mjini ikaangukia kwangu kwa kuwa ofisi yangu iko Posta. Mimi ni mhasibu, filamu nazijua kwa kuziangalia tu. Kwa hiyo msinisome kama fundi, nisomeni kama mteja aliyelipa na akahesabu chenji.

Shangazi ni mtu wa kalamu kwanza. Miaka ya sabini na themanini aliandika michezo ya redio na hadithi fupi, akizipiga taipureta usiku baada ya kazi ya ofisini, nasi watoto tuliokuwa tukienda kwake likizo tukipata usingizi kwa mlio ule ule. Kamera ilikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini, kubwa ya kubeba begani, inayomeza mkanda mzima wa VHS. Kumbukeni hali ya wakati ule. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini huku Bara hatukuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Aliyenunua TV Dar aliinunua kwa ajili ya deki, au kwa kubahatisha mawimbi ya Unguja kwa antena ndefu ya bomba. Ndipo shangazi akaamua kutengeneza dokumentari kuhusu wachoraji na wachongaji, katika nchi isiyo na pa kuzirushia. Alizionyesha uani kwake Magomeni, TV juu ya meza ya kulia, mikeka chini, na wale aliowarekodi wamekaa mbele kabisa wakijitazama na kuchekana.

Kuhusu upande wa pesa ni hivi. Nyumba yake ni ile ya kawaida ya Magomeni, ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Vyumba viwili vya nyuma havijawahi kupangishwa kwa fedha tangu nipate akili. Wamepita humo wachoraji, mpiga tumba mmoja, mshairi aliyekuwa na kikohozi kisichoisha. Hawalipi kodi. Wengine waliondoka hata bila kuaga. Vyumba vya mbele vinalipiwa, na kodi ile ndiyo inayonunua makopo ya rangi, inayolipa fremu, inayochapisha vijitabu vya mashairi nakala mia mbili ambazo nusu yake bado ziko juu ya kabati. Ukimwambia yeye ni mfadhili wa sanaa anakujibu kwamba wafadhili wana magari meupe, yeye hata bajaji anapatana bei.

Sasa mikanda. Ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na dawa ya mende juu yake. Kulikuwa na aina tatu: VHS kubwa za mwanzo, kisha vile vidogo vya Video8, kisha vile vidogo zaidi vya MiniDV alivyohamia karibu na mwaka 2000. Lebo zake ziko kwa mwandiko wa mtu anayejua atasoma mwenyewe. "Mwenge 3, usifute." "Yule bwana wa vinyago, upande wa pili." Moja imeandikwa "Mvua" tu.

Kabla ya Kisutu nilijaribu mahali pengine, nisipopataja. Niliwapa mikanda michache ya kupimia. Wakanirudishia DVD kwenye jalada lenye maua na kopa, na picha ilipoanza kulikuwa na mawaridi yanayoruka na kinanda kinalia. Chini ya kinanda, kwa mbali, mchoraji wa Oysterbay anazungumza habari za baba yake. Nikauliza mbona mkanda wa saa nzima umekuwa dakika arobaini. Kijana akanieleza kwa nia njema kabisa: "Dada, kuna sehemu ndefu hazina kitu, mtu kakaa tu kimya. Nimekutolea, isikuchoshe."

Shangazi alipoisikia hiyo alicheka, kisha akaacha kucheka. Kanuni yake ya kazi ni moja: mtu akishamaliza kujibu swali, usizime kamera. Mkono utoke kwenye kamera, uulize habari za watoto, unywe chai, na mkanda uendelee kuzunguka. Anasema majibu ya swali ni ya wageni, na yanayofuata baada ya hapo ni ya nyumbani. Basi zile "sehemu zisizo na kitu" ndizo alizokuwa akizitafuta miaka yote ile, na huyu bwana mdogo alizikata zote kwa bei ya ofa.

Bahati nzuri mikanda yenyewe walirudisha salama. Ndipo jirani wa ofisini, aliyewahi kurekodiwa harusi yake na mzee wa Kisutu mwaka 1996, akanielekeza.

Duka liko ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mzee alikuwa mpiga video za harusi, sasa mwanawe ndiye anayepiga na baba amebaki na mashine. Chumba cha nyuma kina kiyoyozi kinachowaka muda wote, na sababu si raha yao, ni unyevu. Kuna deki zimepangwa hadi karibu na dari, nyingine zimefunguliwa tumbo kwa ajili ya vipuri. Mzee hana namna: Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Tangu hapo deki ikifa, dawa yake ni deki nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Wahifadhi wa picha na sauti, UNESCO wakiwamo, walishatahadharisha kwamba kufikia 2025 hivi mikanda ingekuwa bado ipo na mashine za kuichezea hazipo. Mzee hajasoma taarifa hiyo, lakini alinisimulia jambo hilo hilo kwa kunionyesha rafu yake.

Nilichopenda tangu mwanzo ni kwamba hakugusa deki yoyote. Nilisalimia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mama, akavaa miwani, akachukua mkanda wa kwanza na kuuelekezea dirishani. Kwenye kile kidirisha cha plastiki cha VHS unaona ukingo wa mkanda ulivyojiviringisha. Wa kwetu mmoja ulikuwa na weupe, kama unga umemwagikia pembeni. "Huu umeota ukungu," akasema. "Aliyekurekodia zile DVD aliuingiza hivi hivi?" Sikuwa na hakika kama na huo ulikuwa miongoni mwa niliyowapa wale. Akaguna. Ukungu ukiingia kwenye deki unabaki kwenye kichwa cha kusomea mkanda, na kila mkanda utakaofuata unapata sehemu yake. Akatenga mikanda yenye weupe kwenye mfuko wake, akafunga, akaandika "wagonjwa".

Niliomba nikae nione anavyoufungua, akaniruhusu kwa sharti nisiongee. Aliugeuza chali, akatoa skrubu zake tano, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Akaugeuza tena taratibu huku kaushika kwa viganja viwili, akainua kifuniko. Ndani kuna magurudumu mawili na njia ndogo za kupitishia mkanda, vitu vichache kuliko nilivyodhania. Alikuwa na gamba jingine la VHS tupu, safi, la mkanda uliokufa, akahamishia magurudumu humo. Kisha akaanza kuuzungusha kwa mkono, sentimita kwa sentimita, kitambaa laini chenye spiriti kikiwa kimeshikilia mkanda kwa vidole viwili, na kila baada ya muda anageuza kitambaa upande msafi. Kitambaa kilitoka na rangi ya kahawia. Hapo moyo ulinidunda, nikavunja sharti, nikamwuliza kama ile kahawia si picha zenyewe zinatoka. Akasema kidogo ni uchafu, na kidogo ndiyo, ni picha. Mkanda una vumbi la chuma lililogandishwa kwa gundi, gundi ikinywa maji ya hewa kwa miaka mingi inalegea, na hewa ya Dar mnaijua. Ndiyo sababu hasugui, anapitisha tu.

Mwanawe, ambaye ndiye wa kompyuta, akanikalisha upande wa pili na kuniuliza swali ambalo kule kwingine halikuulizwa: "Dada, unataka ya kuangalia au ya kutunza?" Nikamwambia vyote. Basi akanieleza, nami nawafikishia kwa kadiri nilivyoelewa.

MiniDV ni dijitali tayari. Yaliyo kwenye mkanda ni tarakimu, na kwa waya wake maalumu wa FireWire yanahamia kwenye kompyuta kama yalivyo, bila kupoteza hata chembe. Saa moja inakula takriban GB 13. Ukiambiwa mkanda wako wa saa moja uko kwenye faili la GB moja, ujue umepewa supu, nyama imebaki jikoni. Faili dogo ni zuri kwa kuangalia na kutumiana WhatsApp, halina ubaya, ila si hilo la kutunza. VHS na zile Video8 za shangazi ni hadithi nyingine, mawimbi yake yanageuzwa kuwa tarakimu mle njiani, na hapo ubora wa deki na kifaa cha kugeuzia ndio unaoamua. DVD kwa upande wake inabana picha ili itoshe GB 4.7 za diski, na diski yenyewe ikichunika imekwenda. Aliniambia ninunue diski ya nje ya TB moja mwenyewe popote ninapopaamini, wao hawauzi. Inabeba zaidi ya saa 70 za MiniDV zikiwa nzima. Nilipenda kwamba hakutaka kunipiga bei ya diski.

Halafu kuna jambo ambalo peke yake lilinilipa gharama. MiniDV inaandika tarehe na saa ya kurekodi ndani ya mkanda wenyewe, kando ya picha. Ukihamisha faili zima, tarehe inakuja nayo. Ukigeuza kuwa DVD, mara nyingi inapotea. Sisi katika familia tulikuwa tunabishana ile safari ya shangazi ya kurekodi wachongaji wa Mwenge ilikuwa lini, kaka yangu anaapa ni 2003 kwa kuwa ndio mwaka aliooa. Kijana akabonyeza, ikatokea kwenye kona: 2001, mwezi wa nane, saa nne na dakika kadhaa asubuhi. Kaka bado hajakubali. Mkanda mmoja tu ulitoa tarehe ya uongo, Januari mosi, ambayo maana yake betri ndogo ya saa ya kamera ilikuwa imeisha.

Yaliyotoka humo sasa.

Kwanza, picha za Nyumba ya Sanaa. Vijana wa leo mkipita pale karibu na hoteli ya Serena hamtajua kulikuwa na nini. Ilianzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, Mmarekani wa shirika la masista la Maryknoll, wasanii wakafanya kazi humo na kuuza humo humo, na George Lilanga, mchoraji na mchongaji, alipitia hapo kabla dunia haijamjua. Jengo halipo tena. Kwenye mkanda wa shangazi lipo, na mtu anafunga batiki kwa uzi karibu na mlango, na mwingine anapiga miayo. Karibu saa nzima ya shughuli za kawaida kabisa. Binamu wa Mwanza anasema sehemu hiyo hatutaikata hata dakika moja, nami nasema itabidi tuikate, kwa kuwa wageni wa sherehe watataka kula. Mjadala unaendelea.

Pili, Oysterbay, wachoraji wa Tingatinga pale Morogoro Stores. Edward Said Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na akafa 1972, miaka minne tu, lakini ndugu na wanafunzi wake wakaendelea mpaka wakawa na chama chao cha ushirika mwaka 1990. Huu ndio ule mkanda niliorudishiwa na kinanda. Mara hii niliuona mzima. Mchoraji ameweka ubao wa mraba magotini, rangi ni ile ya mafuta ya kupakia baiskeli, kwenye vikopo vilivyofunguliwa nusu ili isikauke. Shangazi anauliza alijifunza kwa nani, anajibu. Anauliza kwa nini anaanza na rangi ya nyuma kabla ya mnyama, anajibu vizuri sana, jibu la kufundishia darasani. Kule kwingine mkato ulikuwa hapo.

Kumbe mkanda unaendelea. Mtu anachora kimya. Basi linapita. Shangazi anauliza kama mtoto kapata nafuu. Mchoraji hainui kichwa, anasema picha ya jana ameiuza chini ya bei ya rangi iliyotumika, kwa kuwa alihitaji pesa ya dawa jioni ile ile, na mnunuzi alimwona kwamba anahitaji. Anaeleza hivyo huku brashi ikitia madoa ya chui, doa, doa, doa, bila kukosea hata moja. Kisha mkono wa kike unaingia kwenye picha kutoka kushoto, una saa ninayoijua, ile yenye mkanda wa ngozi nyekundu, na unaweka noti zilizokunjwa chini ya kopo la rangi. Sauti ya shangazi inasema, "Usinishukuru, kamera inawaka." Yule bwana anacheka, na hapo ndipo anainua uso.

Katika mikanda yote shangazi haonekani usoni hata mara moja. Kuna mkono, kuna kivuli chake ukutani, kuna sauti yake ikimfukuza kuku. Tulikuwa tunatafuta picha za maisha yake kwa ajili ya filamu, na maisha yake yamo kwenye vipande alivyovitupa alipokuwa akihariri. Filamu zake zilizokamilika, zile za dakika ishirini na thelathini, ni nzuri lakini yeye hamo. Kwa sababu hiyo natoa nyota zote kwa duka lililorudisha kila kitu. Fundi anayechagua kwa niaba yako kipi kina maana hajui wewe unamtafuta nani mle ndani.

Haya, ubaya wao.

Wanachelewa. Waliniahidi wiki na wiki haikutosha. Umeme ulikatika katikati ya kazi, kisha deki moja ikaanza kutafuna na mzee akaisimamisha mpaka ailainishe. Mikanda haihamishwi kwa kasi, saa moja ya mkanda ni saa moja ya kukaa nao, hilo nilikubali. Nisilokubali ni kutopewa taarifa. WhatsApp yao ni ya mapambo, utaona vijitiki viwili vya buluu na kimya. Ukitaka kujua kazi imefikia wapi panda ngazi.

Kijana kanitengenezea zile nakala ndogo za kuangalia zikiwa zimevutwa kujaza TV pana. Picha za zamani ni za nne kwa tatu, karibu na mraba, ukizivuta kila mtu ananenepa. Mchongaji mwembamba wa Mwenge akawa na mashavu ya mbunge. Nilipomwonyesha alizirudia bila malipo, na mafaili makubwa hayakuwa na tatizo hilo. Lakini kagueni kabla hamjaondoka. Kagueni pia kingo: video za mfumo wetu wa PAL zina picha 25 kwa sekunde na kila moja imegawanyika mistari kwa zamu, ikigeuzwa vibaya mtu akitembea anaota meno ya chanuo. Zangu zilikuwa safi.

Mkanda ulioandikwa "Mvua" haukutoka. Ni Video8, umegandana. Mzee alijaribu kwenye kamera ya zamani anayoitumia kama deki, zikaja chenga, sauti ya maji, chenga tena, akautoa kabla haujakatika. Huo hakunitoza. Alinipa pia ushauri wa kutoujaribu popote kwa mtu anayesema hana shida nao.

Bei nililipa hivi: MiniDV shilingi 15,000 kwa mkanda, Video8 na VHS 20,000 kwa kila saa ya picha, mkanda wenye ukungu unaongeza 10,000 za kusafisha. Nakala ndogo za kuangalia zimo humo humo. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inatoka bila kuombwa, na mimi kwa kazi yangu hilo nalitazama. Nusu unalipa mwanzo. Kwa sanduku zima jumla ilituuma, lakini tulikuwa wengi kwenye mchango. Ofa ya kule kwa kinanda ilikuwa chini ya nusu ya hapo.

Shangazi tumemwonyesha baadhi, maana siri ilishindikana, sanduku ni lake na alitaka kujua liko wapi. Aliangalia kwenye kompyuta yangu mezani kwake akiwa na daftari. Nilidhani atalia, kumbe anasahihisha lebo. "Huyu si yule bwana wa vinyago, ni mdogo wake." Sauti yake mwenyewe ilimkera: "Nilikuwa naongea sana, mtu kashaanza kusema namkatiza." Kwenye ule mkono wenye saa aliniambia, mwanangu hiyo msiitie kwenye filamu, mtoto wa yule bwana ni mtu mzima sasa na ana kazi yake, mtamuaibisha. Tuliahidi tutamwuliza mwenyewe kwanza. Tangu siku hiyo amenipa orodha ya majina ya watu, wengine marehemu, na anataka kila familia ipewe kipande chake kwenye flashi. Flashi ninunue mimi, amesema, kwa kuwa nina mshahara.

Kwa hiyo nimerudi Kisutu na kazi hiyo pia. Kijana anakata vipande kutoka kwenye nakala, yale mafaili makubwa hayaguswi, na kila flashi inaandikwa jina na tarehe iliyotoka kwenye mkanda.

Mambo ya kujua ukienda: mikanda ibebe ikiwa imesimama wima kama vitabu, usiilaze, na usiiache kwenye gari juani ukienda kula. Usijaribu kwanza nyumbani kwa deki ya jirani kuona kama inafanya kazi. VHS ambazo bado zina kile kijino cha plastiki mgongoni, kivunje, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Andika mwenyewe orodha ya lebo zako, nao wataandika yao, mlinganishe na msaini. Omba mafaili kamili kwa jina, usiseme tu "nataka kwenye flashi". Wanafungua saa tatu, Ijumaa mchana wanafunga kwa swala na kurudi saa tisa, Jumamosi mwisho saa saba. Gari acha Posta, pale chini hakuna pa kuegesha, na usimpigie mzee simu wakati deki inazunguka kwa sababu hapokei.